Baba wa Misonobari ya Koko Kalathoumi

Mimi sipendi kufichwa jambo. Ndiyo maana mwaka 1986 nilitoka Mutsamudu na chupa ya chavua ya msonobari kifuani, nikaenda Moroni kuozesha miti.

Mti baba tuliouchagua sisi watu wa misitu ulikuwa kwetu Mutsamudu, mnyoofu, kimbunga hakiuwezi. Mama alikuwa mlimani juu ya Magoudjou, katika shamba la Koko Kalathoumi, yaani Bibi Kalathoumi, ardhi ambayo kule hurithiwa na wanawake. Niliyafunika maua majike kwa mifuko ya karatasi ili upepo usilete mgeni, nikapuliza chavua ndani, nikamwachia Koko ulinzi.

Mbegu zilipoota na miche kukua kitaluni kwa Koko, nikapeleka majani machanga maabara kule Reunion. Huko huyakamua, utomvu wake hupitishiwa umeme, na hutokea mistari. Kila mche huchukua mistari mingine kwa mama na mingine kwa baba. Hapo hakuna kudanganyana. Jibu likaja: mama wa wote ni yule yule, lakini zaidi ya nusu baba yao si wetu.

Mkuu wangu, Zaïdou, akaamuru miche hiyo ya baba mgeni ing'olewe. Roho iliniuma, maana miche niliilea mwenyewe. Nikawalaumu mamluki wa Kizungu, walinzi wa rais, walionipekua uwanja wa ndege, wakaifungua chupa na kuinusa. Siku hizo kila baya lilikuwa lao. Lakini chavua haigeuki kuwa ya mti mwingine kwa kunuswa. Basi ni nani?

Nikamwendea Koko. "Koko, mifuko uliitoa lini?"

"Siku za bibi harusi kukaa ndani zilipokwisha," akajibu bila wasiwasi. "Mume keshaingia, watu wanataka kumwona bibi harusi. Nimfungie mpaka lini?"

Nilicheka mpaka machozi, ingawa nilikuwa na hasira. Siku alipoitoa mifuko, maua yalikuwa bado yanapokea chavua.

"Na msonobari mwingine kama huu wako uko wapi?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu bondeni, kwenye ukuta wa kambi ya mamluki. Msonobari mmoja ulichungulia juu yake, umepinda. Nikatia mkasi mfukoni: nitaomba majani yake, nipime, nijue.

Zaïdou akafika na jembe. Alikuwa amemwoa binti mkubwa wa Koko na, kama ilivyo desturi, alihamia nyumbani kwa mkewe. Koko akasimama mlangoni pa kitalu. Kando yake alikuwa Anziza, mtoto wa marehemu binti yake mdogo, macho ya kijivu, nywele za rangi ya mchanga.

"Mkwe wangu," Koko akasema kwa upole, mkono juu ya kichwa cha Anziza, "katika nyumba zetu mume hutolewa. Mtoto hatolewi."

Zaïdou akaliweka jembe chini.

Miche ya baba yetu nikaifunga uzi mwekundu, isichanganyike. Mingine tukaipanda kando, kwenye mteremko uliokuwa ukimomonyoka.

"Sasa unakwenda kambini?" Koko akaniuliza.

Nikamtazama Anziza, aliyekuwa akimwagilia mche usio na uzi.

"Hapana, Koko," nikasema, nikampa mkasi akate kamba za kufungia miche kwenye vijiti.