Chumba cha Nahodha Wangila

Nyaruai alikuwa mwepesi wa kuona kinyaa tangu utotoni. Katika duka lake la uchoraji mjini Kitale, kati ya kinyozi na muuza mbegu za mahindi, alikuwa na ndoo ya maji, sabuni, na taulo mbili: moja ya wateja na nyingine ya kwake, ambayo mteja akiinyooshea mkono alikatazwa kwa macho tu. Aliishi kwa kuchora mabango ya makanisa na vibao vya maduka. Basi Jairus Makokha, mzee mstaafu wa Bungoma, alipomwomba amchoree picha za riwaya yake ya safari ya anga za juu, Nyaruai alifurahi mno. Akachora chumba ambamo nahodha na watu wake wanakiendesha chombo, akakichora jinsi alivyotamani ulimwengu wote uwe. Kilikuwa cheupe pe. Mbele kulikuwa na dirisha kubwa kama ukuta wa kanisa, nyota zimejaa nje, na katikati nahodha ameketi juu ya kiti kilichoinuliwa, mikono mitupu.

Mzee Makokha alikuja kuzitazama picha siku ya Jumanne. Alivaa miwani, akainama, akazikagua moja moja mpaka Nyaruai akaanza kujikuna shingo.

"Huyu Nahodha Wangila," mzee akasema, "anaweka kikombe wapi?"

"Kikombe gani?"

"Cha chai. Wako safarini miezi tisa, bana. Hawanywi kitu? Na chombo kikitikisika, atashika wapi? Hapa sioni hata pa kushika. Ataanguka kifudifudi mbele ya watu wake."

"Mzee, hiki ni chombo cha kisasa."

"Hata kama. Na dirisha la nini? Huko nje ni giza. Mtu wa mitambo hatazami nje, anatazama mishale ya saa zake za kupimia." Alivua miwani. "Binti yangu, hiki chumba hakijawahi kukaliwa na binadamu. Njoo Bungoma nikuonyeshe kilichokaliwa."

Mzee Makokha alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha mafuta ya kula kilichoitwa Tarajio, njia ya kwenda Malakisi, na kwa miaka minane ya mwisho alikuwa msimamizi wa chumba cha mitambo. Sasa kiwanda kilikuwa kimefungwa. Alhamisi asubuhi Nyaruai alishuka Bungoma, wakanywa chai na mandazi kibandani karibu na reli, kisha wakapanda bodaboda mbili mpaka langoni. Mlinzi, mama mmoja aitwaye Nakhungu, aliwafungulia kufuli bila maswali, maana alimjua mzee.

Harufu iliwapokea kabla ya ngazi. Ilikuwa ya mafuta yaliyochacha, mazito, ya kunata kooni, na chini yake mkojo wa panya. Nyaruai alijifunga leso puani. Juu, mzee alisukuma mlango kwa bega.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko jiko la mama yake. Viti viwili vilielekea meza moja ndefu iliyojaa swichi, taa na saa za kupimia. Mito ya viti ilikuwa imepasuka na kubonyea kwa umbo la makalio ya watu, hata ukaweza kujua yupi alikuwa mnene. Ukutani nyuma ya kila kiti palikuwa na duara jeusi linalong'aa.

"Hiyo ni nini?"

"Vichwa," mzee akasema. "Mtu akichoka anaegemea. Mafuta ya nywele, jasho. Miaka yote hiyo."

Nyaruai akarudi nyuma, akashika ukingo wa meza ili asianguke, na vidole vyake vikagusa vinundu vigumu chini ya ubao. Aliinama akaona. Zilikuwa bazoka, zile pipi za kutafuna, kwa makumi, nyingine bado zina alama za meno. Kando ya mguu wa meza kulikuwa na kopo la rangi. Alichungulia ndani, akaona makohozi yaliyokauka yakawa kama gundi ya seremala.

Hakufika mbali. Alishuka ngazi mbio na kuyatapika mandazi yote kwenye nyasi, huku Nakhungu akimshika mgongo na kumwambia pole, mama, pole, hata mimi huko juu siendi.

Lakini alirudi. Hilo ndilo aliloshindwa kulieleza baadaye. Alisukutua mdomo, akapanda tena, akafungua daftari. Kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli, na jicho la mchoraji lilikuwa limeshaona. Swichi ya boila, mtambo wa mvuke, ilikuwa na kifuniko ili kiwiko kisiigonge kwa bahati mbaya. Vishikio viwili vilivyofanana vilikuwa vimetofautishwa na wafanyakazi wenyewe, kimoja kimefungwa kitambaa na kingine kimepigiliwa kizibo cha soda, ili mkono uvijue hata stima ikipotea. Viti vilikuwa vimekaa hivi kwamba kila mmoja aliuona uso wa mwenzake bila kugeuka. Ukingo wa meza ulikuwa na bomba la kushika, rangi imelika palipozoea viganja. Kikombe kilikuwa na tundu lake, na ndani ya tundu kulikuwa bado na kikombe, na ndani ya kikombe ukungu wenye manyoya.

Alichora vyote. Alichora kwa kinyaa, meno yameumana, na penseli haikuwahi kumtii namna ile.

Alipofika kona ya juu kulia ya meza ya swichi aliona taa moja iliyozibwa kwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Alitaka kujua ni ya rangi gani. Akaanza kuibandua kwa ukucha.

"Acha hiyo!"

Nyaruai aligeuka. Mzee alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa ile ya kumwita mtu binti.

"Ni ya nini?"

"Ya bomba la mvuke, laini ya pili." Alikaa kwenye kiti kilichopasuka. "Ilikuwa inawaka ovyo. Inawaka, king'ora kinalia, tunakagua, hakuna kitu. Kila siku. Halafu wageni wa meneja wakaja kutembezwa. Meneja akasema, Makokha, nyamazisha hicho kitu. Nikakata waya wa king'ora. Taa nikaiziba."

"Kisha?"

"Siku nne haikutusumbua. Ya tano, kulikuwa na fundi huko chini anakaza nati. Kipsang. Mtu wa Kapsokwony, huko mlimani." Alipangusa vumbi mezani kwa kiganja. "Mvuke hauonekani, unajua? Ule mweupe ni ule ulioanza kupoa. Ule wenyewe huuoni mpaka ukuunguze."

"Alikufa?"

"Baada ya siku tisa."

"Wachunguzi walisemaje?"

"Kwamba bomba lilizeeka. Hawakupanda ngazi."

"Na wewe ulisemaje, mzee?"

Makokha aliangalia viatu vyake. "Nilisema bomba lilizeeka."

Nyaruai alisogea mbali na kile kiti. Makohozi, bazoka, mafuta ya vichwa, vyote vilikuwa vya watu waliokuwa wakifanya kazi; hili lilikuwa jambo jingine. Asubuhi ile huyu mzee alikuwa amemmegea andazi kwa vidole vyake. Kisha akakumbuka sura ya nne ya riwaya, na hapo ndipo kinyaa kilipompanda mpaka masikioni. Katika sura ya nne Nahodha Wangila anaona taa moja ndogo kati ya taa mia mbili, taa ambayo wenzake wote wameidharau, na anawaokoa watu arobaini. Wanambeba juu juu.

"Hiyo usiichore," mzee akasema. "Chora mengine yote."

"Ulinileta huku kwa nini?"

"Nilidhani wameshaing'oa."

Nyaruai aliingiza penseli mfukoni. Alifunga daftari, akashuka, akaondoka na bodaboda ya kwanza iliyopita.

Siku tatu hakugusa penseli. Alinawa mikono hadi ngozi ikakauka, na kila alipoinusa alisikia harufu ya Tarajio. Siku ya nne alijifungia dukani akachora chumba cha nahodha upya. Hakukipa dirisha. Alikipa viti viwili vilivyobonyea, mikanda, bomba la kushika, madoa ya vichwa ukutani, kikombe katika tundu lake. Na kona ya juu kulia, taa iliyozibwa.

Mzee alipokuja aliiona mara moja.

"Nilikwambia usichore."

"Ulikikataa chumba changu cheupe kwa sababu kilikuwa uongo. Bila hiyo tepu, hiki nacho ni uongo. Kama huitaki, tafuta mchoraji mwingine."

Nje kinyozi alikuwa akibishana na mteja juu ya mpira. Mzee aliomba maji ya kunywa, naye Nyaruai akampa, akamtazama akimeza. Alitamani mzee aondoke nayo hiyo glasi.

"Haikukaa hivi," Makokha akasema mwishowe. Aliweka kidole juu ya ile tepu karatasini. "Umeikata kwa mstari ulionyooka. Sikuwa na mkasi. Niliikata kwa meno. Ukingo wake uko hivi, umechanika."

Nyaruai alichukua kifutio. Alifuta, akachora alama za meno ya mtu kwenye ukingo wa tepu, mzee akimwelekeza, kushoto kidogo, hapo, na muda wote huo Nyaruai alipumua kwa mdomo, asimnuse.

Sura ya nne iliandikwa upya. Humo Nahodha Wangila ndiye anayeiziba taa. Mzee alitaka fundi anayekufa aitwe Kipsang, lakini Nyaruai akamwuliza kama amewauliza jamaa wa marehemu.

"Bado."

"Basi usilitaje jina la mtu kabla hujapanda Kapsokwony."

Mzee alipanda. Aliporudi alisema tu kwamba mjane alimsikiliza mlangoni, yeye akiwa amesimama uani, hakukaribishwa ndani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jina la mume wake aliache lilipo, na akafunga mlango. Fundi wa kitabuni akapewa jina la kubuni.

Nyaruai alingoja ajisikie kumwonea mzee huruma. Huruma haikuja. Alimkabidhi picha zote kumi na mbili ndani ya bahasha, na mzee akamshukuru, macho yamelowa, akanyoosha mkono.

"Nina wino, mzee," Nyaruai akasema, akaonyesha viganja vyake.

Wino ulikuwepo kweli, ila ulikuwa umekauka tangu asubuhi.