Pampu ya Shadia

Kilichomkera Shadia pale Kibirizi ni mashine ya Melania ya kuoshea magari. Walinunua wiki moja, duka moja la Ujiji, tena za rangi moja. Ya Shadia imeshabadilishwa pampu mara mbili, lakini ya Melania, ng'ambo ya barabara, inanguruma tu mwaka wa pili huu. Fundi alishasema mpaka akachoka: chujeni maji ya ziwa, yana mchanga, na msiiache mashine ikinguruma wakati haitoi maji. Shadia aliitikia ndiyo, ndiyo, macho yakiwa kule kule ng'ambo.

Basi asubuhi moja Mzee Pastory, mwenye malori sita, akaleta mawili yaliyotoka kubeba dagaa, yananuka balaa. Akasema kila mmoja aoshe moja. Atakayemridhisha atapewa yote sita, kila wiki, mwaka mzima. Shadia akawahi bomba lake. Akiipata kazi hii, atamwonea nani gere tena?

Alianza vizuri mno. Alimaliza kichwa cha lori na tairi za mbele, mwenzake yuko nyuma kabisa. Mara akamsikia Mzee Pastory anacheka upande wa pili. Anacheka nini na Melania? Shadia akaachia kifyatulio cha bomba, maji yakakata, akachungulia kupitia uvunguni mwa lori, mashine ikinguruma nyuma yake. Mzee alikuwa anasimulia habari za safari yake ya Kagunga, na Melania, kanga kiunoni, anasugua huku anacheka. Eti na yeye anacheka! Dakika zikapita, na wivu ukamkaba Shadia hata akasahau kwamba ana lori la kuosha.

“Dada Shadia!” Melania akaita. “Zima hiyo mashine, maji yanachemka ndani! Utaua pampu!”

Mjanja huyu, Shadia akawaza. Anataka nizime ili anipite.

“Hangaika na yako!” akajibu. Hakuzima, wala hakuosha. Alisimama makusudi, mkono kiunoni, ili mwanamke yule aone kwamba yeye hapangiwi.

Alipobonyeza tena, yalitoka maji ya moto, membamba, kama mtoto anakojoa. Mashine ikapiga kelele kavu, na chini ya pampu maji yakaanza kuvuja kila upande.

Mzee Pastory alilitazama lori, nusu safi, nusu magamba. Hakugomba. Alimwambia dereva alisogeze kwa Melania.

Shadia alielewa sasa kwamba aliambiwa kweli, kwa sauti, barabara nzima ikisikia. Hilo lilimuuma kuliko malori yenyewe.

Melania akavuka barabara, mikono ina povu. “Pole, dada. Malori sita siyawezi peke yangu. Njoo tuoshe wote.”

Wapagazi wa dagaa walikuwa wamesimama wanatazama. Shadia akawatupia jicho.

“Mashine yangu nzima,” akasema. “Nimeipumzisha tu.”

Melania akatazama maji yaliyokuwa yanawafikia miguuni, akarudi kazini kwake.