Maneno ya Saluni

Mama Pindo alipewa jina hilo kwa sababu mtaa mzima haukuwa na fundi aliyekunja pindo la suruali likatulia kama lake. Chumba chake cha ushonaji kilipakana na saluni ya msusi aliyeitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Walikuwa chanda na pete tangu usichanani. Kati ya vyumba vyao palikuwa na mlango mdogo, na kutwa nzima uzi, vioo, maji ya kunywa na umbea vilipita hapo.

Mwaka uliotangulia, wahudumu wa afya walipita mtaani wakiwahimiza wazee wakachanjwe homa ya mafua kwenye zahanati. Mama yake Mama Pindo, bibi mcheshi aliyeshinda pale dukani akishona vifungo, alitaka kwenda.

"Nipeleke, mwanangu. Kifua changu nakijua mwenyewe."

Mama Pindo akasita. Akaingia saluni kuuliza, akakuta viti vyote vimejaa.

"Chanjo?" Redio alicheka, kitana mkononi. "Thubutu! Mimi sindano ile hainigusi ng'o. Wanakudunga mafua yenyewe, kisha wanakwambia pole. Kijana atapona, lakini mama yetu? Usimchezee, mwenzangu."

Wateja wakaitikia, mmoja akapiga makofi. Jioni, walipobaki wawili tu wakifagia, Mama Pindo aliuliza tena.

"Lakini kweli kabisa?"

"Sasa wewe nikudanganye ili iweje?"

Basi mama hakupelekwa, wala hakubisha. Baridi ilipoingia mafua yakamshika, yakashuka kifuani, yakawa nimonia. Alilazwa akipumua kwa hewa ya mtungi, na kuna asubuhi daktari alisema ndugu wote waitwe. Redio hakubanduka pale wodini. Alimwosha mama nywele kwenye beseni, akamsuka taratibu huku machozi yakimdondoka. Mama akapona, kama kule ni kupona. Akivuka chumba hushika ukuta, na kushona kifungo kimoja tu humwacha akihema.

Msimu uliofuata Mama Pindo hakumuuliza mtu. Alimshika mama yake mkono, wakaenda.

Zahanati ilikuwa na ukumbi mmoja, mabenchi ya mbao na pazia la kijani lililokatika ndoano mbili, likaning'inia upande. Walikaa benchi la mbele, karibu kabisa na pazia. Nyuma yake mtu alikuwa akiongea na nesi.

"Nichome mkono wa kushoto, nesi. Mwaka jana mlinichoma wa kulia, nikashindwa kusuka siku mbili nzima. Na huo ndio unaonilisha."

"Haya, legeza bega," nesi alisema akicheka. "Usikaze kama unapigana."

Mama Pindo aliijua sauti ile. Mwaka jana, wiki ileile aliposema mama asichanjwe, Redio alikuja dukani ameushika mkono wa kulia, akisema ameulalia vibaya. Aliyemkanda kwa maji ya moto ni Mama Pindo mwenyewe, na alimkanda kwa huruma.

Pazia likavutwa. Redio akatoka amebana pamba begani. Alipowaona, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Ah! Na wewe umekuja?" mama alisema kwa furaha. "Afadhali, binti yangu."

"Mwaka jana ulichanjwa," Mama Pindo alisema.

"Mwenzangu, tutoke nje tuongee."

"Ulichanjwa au hukuchanjwa?"

Redio aliinamisha kichwa. "Kila mwaka. Lakini wateja wangu hawataki kuisikia, unawajua. Ningesema nimechanjwa, wangenicheka hadi wahame. Yalikuwa maneno ya saluni tu."

"Na jioni? Jioni tulikuwa na mteja gani?"

"Nilishasema mbele ya watu. Niliona haya kugeuka. Nikajua mama ana nguvu, hatapatwa na kitu."

"Nilikuuliza kama ndugu, ukanijibu kama mteja."

Redio alinyoosha mkono. Mama Pindo akarudi nyuma. Nesi aliita, na mama akajikongoja hadi kwenye kiti, akapandisha mkono wa gauni mwenyewe. Alikuwa amesikia yote. Sindano ilipotoka alimtazama binti yake.

"Kule hospitali nilidhani ananiosha mimi," alisema polepole. "Kumbe alikuwa anajiosha."

Kesho yake asubuhi Redio alipita kwenye mlango mdogo kuomba msamaha. Mama Pindo hakuinua macho.

"Waambie wateja wako ulikuwa wapi jana. Ukishawaambia, njoo tuongee."

"Nitawaambia. Haki ya Mungu, leo hii."

Mchana saluni ilijaa. Mama Pindo alisimamisha cherehani aliposikia mjamzito mmoja akisema kliniki wamemshauri achanjwe, ila anaogopa. Akasubiri. Kikaja kile kicheko anachokijua.

"Mie? Hainigusi ng'o!"

Mama Pindo aliinuka, akasimama mlangoni na mkasi bado mkononi.

"Alichanjwa jana, dada. Na mwaka jana, na kabla ya hapo. Nilimwamini, mama yangu akabaki nusu mtu."

Hakuna aliyecheka. Alingoja Redio ang'ake, amtukane, hata akane. Redio aliendelea kusuka nywele za mtu, uso wake ukiwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

Yule mjamzito alijivua kitambaa mabegani, akauliza zahanati iko upande gani. Mama Pindo alimsindikiza hadi kona, akamwonyesha njia. Mjamzito alipokwisha kupotea machoni, yeye alibaki amesimama palepale juani. Alikuwa na nguo za watu za kumaliza, lakini miguu haikutaka kurudi.