Vikombe vya Mwalimu Zamu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Zamu, na jina hilo alilipenda kuliko mshahara. Kila alipofundisha kanuni ya zao katika somo la kalkulasi aliweka vikombe viwili mezani. "Vitu viwili vimezidishwa, na vyote vinabadilika," alisema. "Basi kila kimoja kina zamu yake." Akapindua cha kwanza, cha pili hakukigusa. Akakirudisha wima, akapindua cha pili. "Halafu?" Darasa zima likapaza sauti: "Tunajumlisha!"

Hayo yalikuwa kabla ya kiharusi. Sasa alishinda kwenye kiti cha sebuleni, maneno yamegoma, mkono wa kulia umelala mapajani, na kichwa kinatikisika juu chini chenyewe, apende asipende.

Mbele yake binti yake, kitinda mimba, alikuwa akijinoa kwa mtihani wa marudio wa mchana ule. Akifeli tena, chuo kinamfukuza. Kwa baba yake hakuwahi kusoma hata siku moja. Alikataa katakata kuwa mtoto wa mwalimu darasani.

Mwalimu aliliona swali: x² mara sin x. Binti akaandika bila kusita: 2x mara cos x. Masikini, amevibadilisha vyote kwa mpigo mmoja na kuvizidisha! Swali la pili, kosa lile lile. La tatu vivyo hivyo, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

"Aaa," mwalimu alisema. "Aaa-aa."

"Unataka maji, baba?" binti aliuliza bila kuinua macho.

Maji kitu gani! Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, chake na cha binti. Akajikaza kisabuni, akanyoosha mkono wa kushoto, akakipindua chake. Chai ikatapakaa meza nzima.

"Jamani, baba watoto!" Mkewe alikuja mbio na kitambaa. "Si ungeniita?"

Amwite kwa mdomo upi? Akakirudisha kikombe wima, akaupeleka mkono kwenye cha pili.

"Mama, ondoa na changu, asije akaungua," binti alisema, akiziokoa karatasi zake.

Vikombe vikaenda jikoni. Mwalimu alivisikia vikioshwa, na machozi yakamtoka. Mkewe alirudi akamfuta kwa upole. "Anamwonea huruma mwanawe," alisema.

Muda wa kuondoka ulipofika, binti alivaa viatu, akatundika begi begani, kisha akapiga magoti mbele ya kiti na karatasi mkononi.

"Baba, niambie ukweli. Nimepatia?"

Mwalimu alikaza shingo mpaka mishipa ikamsimama. Alikiomba kichwa chake kitulie, mara hii moja tu. Kichwa kikatikisika juu chini, juu chini.

Binti alijua kichwa kile hujiendea chenyewe. Siku hiyo aliamua kusahau.

"Asante, baba," alisema, akaubusu ule mkono uliolala, akatoka akicheka.