Mpiga Mbiu wa Kikaangoni

Katika milima ya Cévennes hapana familia mbili zinazokubaliana kuhusu dini, siasa, au mahali unapopita mpaka wa shamba, lakini zote huafikiana juu ya jambo moja: kastania, zile kokwa tamu za miti ya mlimani, hazikaangwi bila mpiga mbiu. Kila kokwa huchanjwa ganda kwa ncha ya kisu ili mvuke upate pa kutokea, isipokuwa moja, ambayo huachwa nzima kwa makusudi. Hiyo moja ikishindwa kuuvumilia moto hupasuka kwa kishindo, na kishindo chake ndicho mbiu: wenzake wameiva, kikaango kiepuliwe. Kwamba kokwa nzima huiva kwa mwendo wake yenyewe na haina habari na wenzake ni hoja ambayo haijawahi kumshawishi mtu yeyote mlimani.

Bi Sidonie alikuwa na umri wa miaka sabini na minane na hakuwa na nia ya kuhama. Nia hiyo alikuwa nayo bintiye, Noélie, kwa niaba yake. Mjini Alès palipatikana nyumba ya chini isiyo na ngazi, yenye joto linalowashwa kwa kubonyeza kitufe, na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Noélie aliisifu kwa kila namna, na pale sifa zilipokosa nguvu alikitaja chungu cha supu alichokikuta kimeungua mwezi uliotangulia. Bi Sidonie hakukana kwamba chungu kiliungua. Alisema tu kwamba kiliungua wakati yeye akiwa kwenye simu, akimjibu Noélie aliyetaka kujua kama hajaunguza kitu.

Hatimaye waliwekeana sharti. Siku ya Mtakatifu Martino, ambapo divai mpya hufunguliwa na kastania za kwanza hukaangwa, Bi Sidonie angezikaanga peke yake, kwa mikono yake, kwenye moto wa kuni. Zikitoka vizuri, angebaki. Zikiharibika, angeteremka Alès kabla ya theluji. Uamuzi ulikabidhiwa kwa jirani yao Fulcran, mlinzi wa msitu aliyestaafu, mtu ambaye hakuwahi kusikika akisifu kitu chochote, hata bibi harusi wake mwenyewe siku ya ndoa. Noélie aliuamini ukali huo. Hakutilia maanani kwamba Fulcran hukaa kando ya moto wa Bi Sidonie kila Jumapili, na kwamba hana moto mwingine wa kukaa kando yake.

Siku yenyewe ilipofika, waliketi wote mezani kuchanja, kwa maana katika nyumba hiyo asiyechanja hali. Gaspard, mume wa Noélie, alikuwa mzaliwa wa tambarare. Alichanja kwa bidii ya mtu aliyeingia dini ukubwani. Fulcran alichanja bila kutazama. Bi Sidonie alichanja fungu lake lote, kokwa moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho, naye akahisi macho ya binti yake yakiifuata mikono yake kama ya daktari anayemtazama mgonjwa anayedai kwamba hajambo. Alipomaliza alizimimina zote katika kikaango chenye matundu, akainuka kwenda uani kuleta kuni. Gaspard alijitolea kwenda badala yake. Akaambiwa kwamba mtu wa kitufe asijichoshe.

Aliporudi na mzigo wake aliwakuta wote watatu wametulia, kila mmoja akitazama upande wake, nyuso zao zikiwa na ule usafi unaoonekana kwa watoto wanaokwenda komunio ya kwanza, na kwa wezi. Aliuchochea moto, akakishika kikaango kwa mpini wake mrefu, akaanza kukitikisa.

Mazungumzo yalikuwa ya Alès. Gaspard alieleza jinsi joto la kitufe lisivyotoa majivu. Fulcran alisema alimjua mzee mmoja aliyehamia nyumba ya namna hiyo na hakumaliza mwaka. Noélie aliuliza mzee huyo alikufa kwa ugonjwa gani.

"Alikuwa na miaka tisini na tisa," akasema Fulcran. "Lakini alikuwa hajambo kabisa."

Ndipo kokwa ya kwanza ilipopasuka. Kishindo chake kilimwamsha paka, naye akatoka bila kuaga.

"Mbiu hiyo, Mama," akasema Noélie. "Epua."

Bi Sidonie hakushtuka. Kila mwaka kuna kokwa moja inayomponyoka bila kuchanjwa. Aliinamisha uso juu ya kikaango, akavuta pumzi, akasikia harufu ya ubao mbichi.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Imeshalia!"

"Imelia mapema. Hata jogoo hukosea."

Noélie alikuwa amekwisha kusimama, na mkono wake ulikuwa njiani kuelekea mpini, ilipopasuka ya pili. Ganda lake likaruka na kutua juu ya miwani ya Gaspard. Kabla hajaifuta ikapasuka ya tatu, ikatimua majivu hadi mezani, na nusu yake ikatumbukia katika kikombe cha divai cha Fulcran. Fulcran alikitazama kikombe kwa muda. Kisha akaichopoa kwa vidole viwili, akaitafuna kwa uzito uliostahili cheo chake.

"Mbichi," akatangaza.

Bi Sidonie aliendelea kutikisa. Harufu ya ubao ilipokwisha na ikaja ile ya ganda la mkate lililoanza kubadilika rangi, aliepua, akazifunika kastania kwa shali nzito ya sufu, akaziacha zijipike zenyewe kwa joto lake. Baada ya hapo akaketi na kuwageukia wageni wake.

"Mpiga mbiu huwa mmoja," akasema. "Leo nimepigiwa na bendi nzima. Nataka kuwajua wanamuziki."

Gaspard alikiri mara moja, kama wafanyavyo watu wa tambarare. Alidhani mama mkwe amesahau mpiga mbiu, akaona si uungwana kumwacha mwanamke wa umri huo ashindwe kwa jambo dogo, akatia kokwa moja nzima.

Fulcran alisema kwamba hakimu haulizwi maswali. Alipoulizwa tena alisema kwamba yeye huweka moja kila mwaka, tangu marehemu mumeo alipofariki.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, jirani. Ulidhani zinaponyoka zenyewe?"

Kuweka mpiga mbiu ilikuwa kazi ya mume wa Bi Sidonie, na tangu azikwe hakuna aliyeirithi. Yeye mwenyewe alichanja zote na kufuata pua yake. Pua si shahidi anayekula kiapo, lakini ilikuwa haijamdanganya. Aliwaeleza hivyo kwa maneno machache. Halafu akamtazama binti yake, ambaye masikio yake yalikuwa yameiva kuliko kastania.

"Na wewe, mwanangu? Wewe si ndiye uliyetaka nishindwe?"

"Nilitaka," akasema Noélie.

"Sasa?"

"Niliona umezichanja zote. Nikajiambia, basi, amesahau, kesi imekwisha, Alès hiyo." Alikwangua majivu mezani kwa ukucha. "Ulipotoka nje mkono ukaenda wenyewe, Mama. Sijui hata nilikuwa nafikiri nini."

"Ulikuwa hufikiri. Ndiyo maana umefanya la maana."

Gaspard aliangua kicheko, akatazamwa, akaendelea kucheka. Noélie alijaribu kukaza uso lakini uso haukumtii, na kabla divai haijazunguka tena alikuwa amelaza kichwa juu ya bega la mama yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bi Sidonie alimwambia asimfutie majivu kwenye nguo safi.

Shali ilipofunuliwa, mvuke ulipanda. Chache zilikuwa zimeungua upande mmoja, na zile zilizokuwa jirani na milipuko zilihitaji kupanguswa, lakini zilizobaki ziliachia ganda kwa kubonyezwa tu, na nyama yake ilikuwa ya manjano, laini na tamu. Fulcran alikula mpaka wakaanza kuhofia kwamba hukumu ingeahirishwa.

"Zinalika," akasema mwishowe.

Hakuna aliyewahi kumsikia akifika mbali kiasi hicho.

Noélie hakukata rufaa. Alisema tu kwamba haiwezekani mwakani wapasuliwe tena kokwa tatu usoni, na kwamba lazima mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina lake, na wengine waache kuingiza mikono.

"Ya baba yako iko wazi," akasema mama yake. "Ichukue."

Fulcran alipinga akidai haki ya mwenye uzoefu. Gaspard naye akaomba angalau awe msaidizi. Wote wawili walikataliwa. Noélie alikipokea cheo hicho vidole vikiwa vyeusi kwa masizi, na kwa kuwa cheo chenyewe hakina kazi penye kitufe, habari ya nyumba ya Alès ilikufa pale mezani, na waliokuwapo waliendelea kula bila kuiombea.