Viganja vya Chumba Namba Tano

Jumanne saa mbili asubuhi Sostenes alipiga magoti kwenye bafu la chumba namba tano, gesti ya Bosi Davis pale Katoro, akaanza kugonga marumaru moja moja kwa mpini wa mwiko. Fundi anayejua kazi huanza hivyo. Marumaru iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachia hulia utupu. Kumi na moja zililia utupu, na grauti kati yake ilikuwa imechanika na kuwa nyekundu, rangi ya udongo wa chini kabisa.

Alipogonga ya kumi na mbili, akajibiwa kutoka chini: mara tatu, kimya, mara mbili. Sostenes akahamia ya kumi na tatu.

Bafu lile lilikuwa limemchosha Davis. Gesti ilijengwa juu ya shimo la dhahabu lililofukiwa, na sakafu ya zege ilishapasuka mara mbili. Muuzaji mmoja wa Mwanza akamshauri aweke kitako cha sponji ngumu nyeupe, jamaa ya ile inayofungiwa televisheni, marumaru zikae juu yake. Fundi wa kwanza akazibandika kwa madonge ya saruji, pembe nne na katikati, kama wavivu wote. Hazikumaliza miezi mitatu. Davis alikuwa na hakika kosa ni la madonge. Sostenes naye alikuwa anamwomba Mungu liwe la madonge.

Akabandua. Madonge yalikuwepo kweli. Chini yake sponji ilikuwa imetuna, imesukumwa kutoka chini ikachukua umbo la viganja vya watu saba. Kimoja, cha mkono wa kulia, hakikuwa na kidole cha mwisho. Kidole hicho kililiwa na karasha ya kusagia mawe, na mwenyewe aliitwa Mwigulu.

Miaka minne nyuma duara la Davis, shimo lilelile la dhahabu, lilititia na watu saba ndani. Waligonga siku mbili, mara tatu, kimya, mara mbili, kama wachimbaji wa duara lile walivyokubaliana. Siku ya tatu Davis akasema ule ni udongo unajipanga, akagawa makoleo. Waliokuja kuuliza waliambiwa wale saba wamehamia Nkome kuvua. Sostenes alipokea koleo lake akafukia. Baada ya hapo hakuchimba tena, akajifunza marumaru, kazi ya juu juu.

Mke wa Mwigulu, mama Enock, ndiye aliyekuwa akideki gesti. Yeye aliambiwa mumewe anaishi Nkome na muuza dagaa. Kwa hiyo hakukaa matanga, maana hakuna anayemlilia mwanamume aliyefuata mwanamke. Aliingia na ndoo yake.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama Enock."

Aliweka ndoo chini, akachuchumaa, akalaza kiganja chake juu ya kile chenye vidole vinne.

"Kina moto," alisema.

Sostenes akamweleza kwamba sponji hutunza joto, ndiyo sifa yake. Kisha aibu ikamshinda.

"Mama Enock, mimi nilishika koleo."

"Najua. Tangu wakati ule hujawahi kunisalimia ukanitazama usoni." Akapangusa vumbi kwenye kile kiganja. "Bosi amesemaje?"

"Nikwangue, nisawazishe."

"Hicho usikwangue. Kikate kizima unipe, nikazike."

Alikikata kwa msumeno, akamfungia kwenye kitenge chake. Vingine akavikwangua mpaka vikawa unga mweupe. Chini waligonga muda wote. Akaziba kwa sponji mpya, akapaka dawa ya kuzuia maji, akatandaza saruji kwa mwiko wa meno bila kuacha nafasi, akapanga marumaru. Kesho yake akajaza grauti. Davis akagonga kwa kisigino, ikatoa sauti nzito.

"Unaona?" akasema. "Yalikuwa madonge."

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Kaburi likachimbwa, ugali ukapikwa. Lakini hadi Jumamosi kile kiganja hakikuwa kimepoa. Mama yake Mwigulu alikishika, akasema mwenye joto hazikwi, akawaomba watu wale ugali, waende zao. Sostenes akapewa koleo afukie kaburi tupu. Akafukia, na safari hii alilia.

Baada ya wiki saba Davis alimpigia simu aje na sponji, marumaru zimeachia tena. Kiganja kilikuwa palepale, vidole vinne. Sostenes alikikata bila kuambiwa, akampelekea mama Enock.

Sasa anavyo vitano. Amevipanga kitandani, upande wa ukutani aliokuwa akilala Mwigulu, na vyote vina moto. Matanga hajakaa mpaka leo. Davis anasema safari ijayo wajaribu marumaru kubwa zaidi.