Rudini Kabla ya 7:00

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Ijumaa, kigingi kimoja kati ya vinane vya hema kilikuwa kimeng'oka, na turubai la upande wa bahari lilikuwa likipigapiga kama mtu anayegonga mlango bila kusubiri jibu. Mfamasia alitoka, akakiokota, akakitazama. Hakikupinda. Kilikuwa kimepigiliwa wima mchangani badala ya kulazwa kidogo, kama maelezo yaliyoshonewa kwenye mfuko wa hema yanavyotaka.

"Kimeng'oka," alisema.

"Kimeng'olewa," mumewe alijibu kutoka ndani. "Ulikipiga teke jana ulipokwenda msalani. Nilikusikia ukijikwaa."

"Sikujikwaa."

"Basi kimeondoka chenyewe. Kimetuchoka."

Mfamasia alikipigilia upya kwa jiwe, safari hii kwa kukilaza, akaenda kuchemsha maji.

Ilikuwa mara ya kwanza kusafiri wawili peke yao katika miaka tisa. Wazo lilikuwa la mume. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao, hema likaazimwa, na mume akasema maneno ambayo hakuwa na mazoea nayo: twende tukapumzike. Jioni ya kwanza, kabla sufuria haijachemka, alitoa mkobani karatasi iliyopigwa chapa, yenye nafasi ya sahihi chini, akaiweka juu ya boksi la vyakula, akaiwekea kijiko isipeperuke. Hapo mfamasia alijua wamekuja kupumzikia nini.

Mume alikuwa mdhibiti wa treni. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wa taa na kuamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Miezi miwili kabla ya safari ile, fundi wa njia alimpelekea hati ya kuomba kipande cha reli kifungwe ili yeye na wenzake wabadilishe mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Fundi aliandika: 8:00 hadi 10:00. Alikusudia saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwa kuwa kanuni ya shirika inataka muda uandikwe kwa saa za ofisi, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Mdhibiti alisoma saa nane hadi saa kumi, alasiri. Saa tatu kasorobo asubuhi aliipa ruhusa treni ya mizigo. Mafundi watatu waliruka. Wa nne, yule aliyeandika hati, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Kanuni hiyohiyo inasema kwamba hati yenye utata ithibitishwe kwa simu, na mdhibiti aurudie muda kwa sauti. Mdhibiti alisema alithibitisha. Fundi alisema simu yake haikulia. Mashine ya kurekodi mazungumzo ilikuwa mbovu tangu mwaka uliotangulia. Akabaki shahidi mmoja.

Asubuhi ya ajali, saa moja na nusu, mfamasia alimpelekea mumewe miwani aliyoisahau nyumbani. Alimkuta kashika simu sikioni, akisema, "Nane hadi kumi. Haya." Kisha mume akaweka simu, akapokea miwani, akamshukuru. Hayo ndiyo aliyoyaona. Karatasi iliyokuwa chini ya kijiko ilisema kwamba alisikia pia sauti ya fundi, na kwamba sauti hiyo ilisema "saa nane mchana" mara mbili. Kamati ya uchunguzi ilikuwa ikutane Jumatatu. Kwa sahihi yake, kosa lingehamia kwa fundi. Bila sahihi, lingebaki kwa mdhibiti, pamoja na lolote litakalofuata, hata mahakama.

Mfamasia alishaombwa nyumbani, na hakuwa amekataa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijiambia kwamba kusikia upande mmoja wa simu si mbali sana na kusikia pande zote mbili, iwapo unamjua vizuri aliyeishika.

Alhamisi walitembea kilomita kumi na moja juu ya majabali ya pwani. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja vichaka vya miiba, upande wa pili mteremko wa mawe hadi kwenye povu. Mume alitangulia hatua arobaini na hakupunguza mwendo. Kila alipofika penye jiwe la kukalia, alisimama, akamsubiri, akaanza tena palepale alipoachia.

"Mtu mwenyewe amelala hospitali, hajui hata aliandika nini," alisema penye jiwe la kwanza.

"Amekumbuka kila kitu. Wewe ndiye uliyesahau miwani."

Penye jiwe la pili alisema, "Watoto wetu wanakula reli. Wanavaa reli, wanasoma reli. Unga wangu ukimwagika, vidonge vyako vitatufikisha wapi?"

"Na yeye watoto wake wanakula nini?"

"Ahaa! Kumbe umeshachagua familia."

"Nimeuliza swali."

"Wewe maswali yako yote yana sindano. Kwa nini usiniulize nalalaje?"

Hakumuuliza. Alijua analalaje: chali, mdomo wazi, bila kugeuka hadi asubuhi. Penye jiwe la tatu mume alikunywa maji, akaifunga chupa, akaiweka mkobani mwake bila kumpa.

Ijumaa ilikuwa siku ya kisiwa. Kilikuwa mita mia nane kutoka ufukweni, na maji yakipwa, ukanda wa kokoto na miamba ulijitokeza na kuwa njia ya miguu. Msimamizi wa kambi, mwanamke aliyezungumza kwa sauti ya juu kama mtu aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa amempa mume karatasi ya maelezo siku ya kwanza. Mume aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Walivuka saa tatu asubuhi, viatu vikavu. Kisiwa kilikuwa kidogo: miamba iliyochafuliwa na ndege, majani makavu yanayochoma vifundo vya miguu, na kituo cha hali ya hewa kilichoachwa, kuta nne bila paa. Walikizunguka chote kwa muda wa saa mbili kasorobo. Wakiwa upande usioonekana kutoka bara, mume alimshika mkono kumpandisha kwenye jabali, na kwa muda mfupi mkono ule ulikuwa ndio uleule wa zamani, mkavu na wenye nguvu. "Utasaini?" aliuliza kabla hajauachia. Mfamasia akauvuta mkono wake, akapanda kwa magoti.

Saa sita na dakika ishirini walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, wakila mkate na mayai. Mfamasia aliona kwamba jiwe jeusi lililokuwa limesimama peke yake katikati ya njia sasa limezungukwa na maji.

"Ile karatasi ilisemaje kuhusu kurudi?"

"Kabla ya saa moja jioni."

"Imeandikwa hivyo?"

Mume alitoa karatasi, akaifungua, akamrushia. Juu, kwa chapa: Lango hufunguliwa 06:00, hufungwa 22:00. Chini, kwa kalamu ya wino wa bluu: Kisiwani rudini kabla ya 7:00. Kisha namba ya simu.

Mfamasia aliisoma mara mbili. Kazini kwake, kila bahasha ya dawa aliichora jua au mwezi kando ya saa, kwa sababu alishawahi kumwona mgonjwa aliyemeza vidonge vya usiku asubuhi, akalala usukani.

"Hii ni saa saba mchana," alisema. "Ameandika kwa mkono, kama anavyosema."

"Karatasi nzima ni ya saa za ofisi. Sita mpaka ishirini na mbili. Saba ni saa moja, na ya asubuhi ilishapita, basi imebaki ya jioni. Hesabu ya darasa la pili hiyo, dada mfamasia."

"Maji yameshafika kwenye jiwe."

"Dimbwi."

"Lilikuwa kavu saa tatu."

"Basi bahari imekukosea adabu. Iandikie barua."

"Mpigie umuulize."

Mume alishusha pumzi kupitia puani, akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni na kuutazama ukuta. "Eeh, mama, habari za saa hizi. Ni sisi wa kisiwani. Saba hii ni ya jioni? Saba ya jioni. Haya." Akairudisha mfukoni. "Umeridhika? Saa moja jioni."

Mfamasia aliendelea kumenya yai. Mambo mawili yalikuwa hayajakaa sawa. La kwanza ni kwamba kati ya swali na jibu hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine kusema chochote, hata ndiyo. La pili ni neno "haya", lililotolewa vilevile, kwa sauti ya mtu anayefunga droo. Alikuwa amewahi kulisikia mlangoni mwa chumba cha udhibiti, mkononi kashika miwani ya mtu aliyekuwa anathibitisha hati asiyoweza kuisoma.

Alisimama, akasema anakwenda kujisaidia, akazunguka hadi nyuma ya kituo. Namba alikuwa ameikariri. Kukariri tarakimu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Simu iliita mara moja.

"Nani kasema jioni?" msimamizi alifoka. "Saa saba mchana! Bado mko huko? Tokeni sasa hivi, mtu mfupi atalowa hadi kiunoni!"

"Mume wangu hakukupigia sasa hivi? Dakika kumi hazijapita."

"Simu ninayo mkononi tangu asubuhi, nasubiri mtu wa gesi. Hakuna aliyepiga. Na huyo wa gesi naye hajapiga."

Aliporudi alisema yote kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Mume hakubadilika uso. Alipangusa makombo magotini, moja moja.

"Anasahau huyo mama. Ana wageni wengi."

"Nionyeshe simu yako. Namba uliyopiga itakuwapo."

"Unanikagua?"

"Ndiyo."

"Kila kitu lazima kipigiwe simu?" Sasa sauti ilipanda, na ilipopanda ilikuwa na nafuu ndani yake, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. "Nimekaa kwenye ubao ule miaka kumi na minne. Nikiisoma saa, nimeisoma. Mtu mwenye uhakika anapiga simu ya nini? Kuwafurahisha? Unashika simu, unasema maneno yao, wanaridhika, kazi inaendelea. Wote tunafanya hivyo. Wote!"

Upepo ulipita kwenye dirisha lisilo na fremu. Mume alikuwa wa kwanza kusikia alichokisema, na alikitazama kama kitu kilichomdondoka mfukoni mbele za watu.

"Nilikuwa nasema ya leo," alisema.

"Nimesikia."

Mfamasia alifunga mkoba wake. Alikuwa mtu wa kupima, na hata pale alipima. Simu ya uongo ya Ijumaa haikuwa uthibitisho wa simu ya uongo ya miezi miwili nyuma. Alichokuwa nacho ni kile alichokiona mlangoni, na kile alichosikia, ambacho kilikuwa sauti moja tu. Kwa wiki zote zile alikuwa akiifanya sauti ile iwe mbili kwa nguvu zake mwenyewe, na sasa aliona uchovu uliomwandama ulikuwa umetokea wapi.

"Twende," alisema. "Tuna dakika ishirini."

"Mimi nitavuka saa moja jioni, kama nilivyosema."

"Maji hayatakuwa yameshuka saa moja."

"Nitavuka mkavu, na wewe utakuwa umesimama pale ng'ambo unatazama."

"Baba watoto, hapa hakuna kamati. Inuka."

Hakuinuka. Mfamasia alitangulia, akasimama pale kokoto zilipokutana na maji, akavua viatu na kuvining'iniza shingoni. Nyuma yake mume alikuwa ametoka kivulini.

"Ukivuka hapo," mume alisema, "ujue umevuka."

Alivuka. Mita mia mbili za kwanza maji yalifika kwenye vifundo. Penye jiwe jeusi yalifika magotini, kisha mapajani, na mkondo ulimsukuma kwa ubavu kwa nguvu isiyo na haraka. Alipapasa kila hatua kwa kidole gumba kabla ya kuiweka. Mara mbili aligeuka. Mara ya kwanza mume alikuwa amesimama. Mara ya pili alikuwa ameketi, magoti yamekunjwa, uso umeelekea kwingine.

Saa saba kamili mchana alikanyaga mchanga wa bara. Msimamizi alikuwa akimsubiri, mikono kiunoni.

"Na bwana?"

"Amebaki. Anasema ni saa moja jioni."

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Nimemwambia."

Msimamizi alilitazama lile umbo dogo la kijivu kule kwenye miamba. "Njia haitafunguka hadi saa mbili usiku. Maji ya kunywa anayo?"

"Chupa moja na nusu. Na mayai matatu."

"Basi hafi. Saa mbili nitamwendea na tochi." Akamtazama mfamasia kuanzia nywele hadi miguu. "Na wewe? Umelowa mpaka moyoni."

"Nahitaji kuazima chaja. Simu yangu imeishiwa."

Alibadili nguo ndani ya hema. Kibandani kwa msimamizi, kati ya ndoo za rangi na mitungi mitupu, alisubiri simu ipate chaji ya kutosha mazungumzo ya dakika tano. Saa nane na dakika arobaini alipiga ofisi ya kamati ya uchunguzi. Katibu alipokea. Mfamasia aliuliza kama orodha ya mashahidi wa Jumatatu imefungwa.

"Itafungwa saa kumi leo," katibu alisema. "Shahidi wa upande gani?"

"Wa nilichokiona. Nilikuwa mlangoni."

Ilisikika sauti ya karatasi ikifunuliwa. Kisha katibu aliuliza jina lake kamili, na uhusiano wake na mdhibiti.

Mfamasia alitaja vyote viwili.